Siku Ng'ombe Wanapofunguliwa Mlango

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, familia za mijini nchini Uswidi hupanda magari na kwenda mashambani kutazama ng'ombe wakitolewa bandani. Hilo ndilo tukio zima. Mlango unafunguliwa. Ng'ombe waliokaa ndani tangu majani yapukutike wanasita kizingitini, wananusa hewa, kisha mmoja anachomoka na wengine wanamfuata. Mnyama wa kilo 600 anarusha mateke kama ndama, mkia juu, kiwele kikiyumba huku na huku, na watoto walio nyuma ya kamba wanapiga kelele. Baada ya muda mfupi vichwa vyote viko chini, vinakula, na wageni wanaelekea kwenye kahawa na maandazi ya mdalasini. Siku hiyo inaitwa kosläpp, yaani kuachiwa kwa ng'ombe.

Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni mila ya mababu. Nusu ni kweli. Kuwatoa ng'ombe majira ya machipuko ni kazi ya kale. Kuwaalika watu waje kutazama ni jambo la juzi tu, na nyuma yake kuna ugomvi.

Sisi tusio na theluji tunahitaji kukumbushwa maana ya machipuko kwa mkulima wa zamani wa kaskazini. Nyasi alizokata na kukausha kiangazi ndizo zilizopaswa kulisha mifugo miezi yote ya baridi, na mara nyingi hazikutosha. Watu walikata matawi yenye majani, wakayakausha na kuyaweka akiba. Hata hivyo kufikia Machi ghala lilikuwa linakaribia sakafu, na ng'ombe walikuwa mifupa na ngozi. Siku ya kutoka haikuwa ya kucheza. Ilikuwa siku ya kuokoka. Baadaye, katika mikoa kama Dalarna na Jämtland, wanawake na wasichana walipeleka mifugo kwenye makambi ya kiangazi ndani ya misitu, yaitwayo fäbod. Huko walikamua, na kwa kuwa maziwa yasingefika nyumbani kabla ya kuharibika, waliyageuza siagi na jibini palepale. Jioni waliwaita ng'ombe kwa sauti nyembamba, kali, inayopenya msitu. Desemba 2024 UNESCO iliingiza maisha hayo, ya Uswidi na Norway kwa pamoja, katika orodha yake ya urithi. Enzi zile hakukuwa na mtazamaji. Kila aliyekuwepo alikuwa na ndoo mkononi.

Karne ya 20 ilibadili mambo. Chakula cha mifugo kikaanza kununuliwa, mashine zikaingia, mabanda yakakua, na kwa baadhi ya wafugaji ikawa rahisi zaidi kumpelekea ng'ombe chakula kuliko kumpeleka ng'ombe kwenye chakula. Miaka ya 1980 walikuwepo ng'ombe wa maziwa waliofungwa shingo mwaka mzima bila kukanyaga nyasi.

Hapo ndipo anapoingia Astrid Lindgren, mwandishi wa vitabu vya watoto, mama wa Pippi. Alizaliwa mwaka 1907 katika shamba la Näs, karibu na Vimmerby, baba yake akiwa mkulima. Mwaka 1985, pamoja na daktari wa mifugo Kristina Forslund, alianza kuandika makala katika gazeti la Expressen juu ya hali ya wanyama wa mashambani. Serikali ilikuwa na sababu ya kusikiliza: mwaka 1976 kisa chake cha kejeli kuhusu kodi kilikuwa kimeiumbua serikali ya Social Democrats, nayo ikashindwa uchaguzi mwaka uleule. Novemba 1987 alipotimiza miaka 80, waziri mkuu Ingvar Carlsson alimletea habari ya sheria mpya kama zawadi. Sheria ilianza kutumika Julai 1988. Lindgren mwenyewe hakuridhika. Aliona imetiwa maji. Lakini kifungu kimoja kilibaki na meno: ng'ombe wa maziwa lazima watolewe malishoni wakati wa kiangazi. Leo ni miezi miwili kaskazini na minne kusini kabisa.

Viwanda vya maziwa, hasa Arla, ambayo ni ushirika wa wafugaji wenyewe, vilikuja kuona kwamba wajibu huu unaweza kuwa tangazo bora kuliko lolote la kununuliwa. Mlango ukageuka jukwaa. Sina haraka ya kulaumu. Mwaka 1980 Uswidi ilikuwa na mashamba zaidi ya 40,000 ya ng'ombe wa maziwa. Sasa hayafiki 3,000. Familia iliyobaki katika hesabu hiyo ina haki ya kutafuta marafiki.

Gharama ya urafiki huo hulipwa kwa kazi. Baridi kali huinua mawe kutoka ardhini na kulegeza nguzo, kwa hiyo uzio wote unakaguliwa na umeme kupimwa. Kwato zinapunguzwa. Chakula kinabadilishwa polepole, maana nyasi changa huharisha, na upungufu wa magnesiamu unaweza kumwangusha ng'ombe ghafla. Samadi inasubiri kumwagwa, shayiri inasubiri kupandwa. Juu ya hayo yote kuna kamba za kuzuia watu, mahali pa kuegesha magari, vyoo, na maji na sabuni, kwa sababu mtoto aliyelambwa na ndama anaweza kuondoka na bakteria hatari.

Tena tarehe hupangwa mapema, mara nyingi wikiendi. Nyasi hazisomi kalenda. Zikiwahi kuwa tayari, ng'ombe huweza kusubiri wageni wao. Hili linanisumbua. Furaha ile ni ya kweli, lakini ni kipimo cha majira ya baridi yaliyotangulia, na anayeshangilia mateke anashangilia pia, bila kujua, mwisho wa kifungo. Hata hivyo sikubaliani na wanaoiita sarakasi. Wafungwa shingo wa miaka ya 1980 hawakuwa na mgeni hata mmoja. Mtoto aliyemwona ng'ombe akiruka atauliza siku moja yule wa shamba jingine yuko wapi, na swali hilo ndilo lililoandikwa kwenye Expressen.

Mchana magari yanaondoka. Mfugaji anakusanya vikombe, anakunja kamba, kisha anaangalia saa. Wakati wa kukamua umefika, na ng'ombe 100 hawana nia yoyote ya kurudi ndani.