HAKI YA KUKUSANYIKA SI HISANI YA POLISI

Haki ya watu kukusanyika kwa amani na kuieleza serikali shida zao haikuletwa nchini Uganda na vyama vya siasa vya siku hizi, wala si hisani inayotolewa na polisi kwa wanaowapenda. Ni haki yenye historia ndefu. Historia hiyo inamhusu kila aishiye katika nchi hiyo, tangu mwenyeji wa mji wa Mbarara hadi mkimbizi wa Rubondo, mojawapo ya sehemu tatu za makazi ya Nakivale katika Wilaya ya Isingiro.

Mwezi wa Aprili 1949, wakulima wa Buganda walikusanyika mbele ya jumba la Kabaka huko Mengo. Walidai wawachague machifu wao, na wachambue na kuuza pamba yao wenyewe. Serikali ya kikoloni ikawatuma polisi kuwatawanya. Ghasia zikazuka, nyumba za machifu zikachomwa moto, na Gavana John Hall akakipiga marufuku chama cha Bataka pamoja na chama cha wakulima. Je, dai la pamba lilikufa? La hasha. Katika miaka ya 1950, wakati wa Gavana Andrew Cohen, vyama vya ushirika vya Waafrika vilianza kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na serikali ile ililazimika kuitibu shida ambayo hapo awali ilikataa kuisikia.

Mkoloni aliondoka mwaka 1962, lakini desturi yake ikabaki katika vitabu vya sheria. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Polisi kilimwezesha Inspekta Jenerali kukataza mkutano wowote, mradi tu aone kuna sababu ya kuamini kwamba amani itavunjika. Kwa upande wa pili, Ibara ya 29 ya Katiba ya mwaka 1995 ilimpa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana pamoja na wenzake, kwa amani na bila silaha. Ni dhahiri kwamba maneno hayo mawili yasingeweza kukaa pamoja. Mwaka 2005 Bwana Muwanga Kivumbi alifungua shauri, na tarehe 27 Mei 2008 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba uwezo huo wa kukataza unapingana na Katiba. Kazi ya polisi ni kusimamia utaratibu, kuwalinda waandamanaji na wapita njia, na kumkamata avunjaye amani. Kuzuia mkutano kwa hofu ya jambo ambalo halijatokea si kazi yao.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma, na kifungu chake cha 8 kikawarudishia polisi uwezo ule ule. Tarehe 26 Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilikifuta nacho, ikieleza kwamba Bunge haliwezi kukifufua kilichokwisha kuzikwa na mahakama. Hata hivyo, Julai 2024 polisi walikataza maandamano ya vijana ya kupinga rushwa mjini Kampala, na makumi ya vijana walikamatwa. Hukumu bila utekelezaji ni karatasi tu.

Tukigeukia Nakivale, hofu ya kukusanyika huko ina sababu zake. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958, na sasa yana wakimbizi zaidi ya 100,000, wengi wao kutoka Kongo. Mwezi wa Julai 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walirudishwa kwao kwa nguvu kutoka Nakivale na Kyaka II, baada ya kuitwa wakusanyike na kisha kuzungukwa na polisi wenye silaha. Mkutano ulioitwa na wakubwa uligeuka mtego.

Tena Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kushiriki siasa, na wako wanaoitafsiri kwamba mkimbizi hana ruhusa ya kufumbua kinywa. Tafsiri hiyo ni potofu. Katika Ibara hiyo hiyo ya 29, panapozungumzwa uhuru wa kwenda na kukaa popote nchini, Katiba inasema "kila Mganda". Panapozungumzwa kukusanyika na kupeleka malalamiko, inasema "kila mtu". Waliotunga Katiba walijua tofauti ya maneno hayo, na sheria ya Bunge iko chini ya Katiba.

Mwezi wa Mei 2025, kwa upungufu wa fedha, wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mama wa Rubondo akiungana na majirani zake kwenda ofisini kuuliza watoto watakula nini, hagombei kiti wala hapindui serikali. Anauliza habari ya chakula.

Kwa hakika, haki hii ina wajibu wake. Waandamanaji watoe taarifa mapema, wasibebe silaha, wasirushe mawe wala kuharibu mali ya mtu. Polisi nao watimize wajibu wao kama mahakama ilivyoamua mara mbili: wasimame kando ya barabara kuwalinda watu hao, wasisimame katikati kuwazuia.