Nani Alistahili Taji?

Katika vilima vya Masisi macho yetu yamezoea ng'ombe wa malisho, na kule Walikale yamezoea msitu. Mashindano ya farasi hatuna. Lakini mabishano tunayo! Mpira ukiisha, watu huketi kando ya njia wakiulizana: Nani amecheza vizuri kuliko wote? Mmoja humtaja mfungaji, wa pili humtaja mlinda mlango, wa tatu hukasirika. Jua huchwa kabla hawajapatana. Basi, tumeona yafaa kuchunguza habari ya mabishano ya namna hii, maana ndani yake mna jambo zito kuliko mchezo wenyewe.

Tuanze mbali, huko Marekani. Watu wa huko hupenda sana mbio za farasi, na kila mwaka humchagua Farasi wa Mwaka. Heshima hiyo haipatikani kwa mbio za siku moja. Waandishi wa magazeti na wajuzi wa mbio hutazama kazi ya mwaka mzima, kisha hupiga kura.

Mwaka 2009 kura hiyo ilileta ubishi mkubwa, kwa sababu farasi wawili, majike wote wawili, hawakushindwa hata mara moja. Wa kwanza, Rachel Alexandra, alikuwa na umri wa miaka 3. Alikimbia mara 8 akashinda mara 8, na mara tatu aliwashinda madume. Wa pili, Zenyatta, alikuwa na umri wa miaka 5. Mwaka ule alikimbia mara 5 tu, zote katika jimbo la California, akashinda zote. Lakini mbio ya mwisho ilikuwa Breeders' Cup Classic, ambayo hukusanya farasi bora wa mwaka, na kabla yake hakuna jike aliyewahi kuishinda.

Nani basi apewe taji? Aliyeuliza, "Nani amefanya kazi nyingi zaidi mwaka huu?" alimchagua Rachel Alexandra. Aliyeuliza, "Siku walipokutana walio bora, nani alitangulia?" alimchagua Zenyatta. Kura zilipohesabiwa, Rachel Alexandra alipata 130 na Zenyatta 99. Mwaka uliofuata, 2010, Zenyatta alishindwa mara moja tu katika maisha yake, tena kwa urefu wa kichwa, na farasi aitwaye Blame. Hata hivyo taji la mwaka huo alipewa yeye, kwa kura 128, na Blame akapata 102. Ubishi ukaanza tena: je, kura ya mwaka huu yafaa kulipa deni la mwaka jana?

Wasomaji, mwaona ugomvi ulikotoka. Huyu alishika kibaba, yule alishika mizani, na kila mmoja alidhani mwenzake ni mwongo. Walipaswa kupatana kwanza juu ya kipimo.

Sasa turudi kwetu, maana sisi pia tulikuwa na kesi kama hiyo, nayo ilimhusu mtu. Tangu mwaka 1970 gazeti la Ufaransa liitwalo France Football lilikuwa likimtangaza kila mwaka mchezaji mpira bora wa Afrika, kwa kura za waandishi. Wa kwanza alikuwa Salif Keita wa Mali. Mwaka 1973 heshima ilikuja kwetu: alichaguliwa Tshimen Bwanga, mlinzi wa Mazembe ya Lubumbashi. Nchi yetu wakati huo iliitwa Zaire.

Ukaja mwaka 1974. Mwezi wa Machi mataifa 8 yalikutana Misri kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika timu yetu alikuwamo Pierre Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, mchezaji wa AS Vita Club ya Kinshasa. Watu walimwita Mutumbula, jina la kutisha, kwa jinsi alivyowatia walinzi hofu.

Tuhesabu kazi yake. Tulipowashinda Gine 2 kwa 1, mabao yote mawili yalikuwa yake. Tulipowashinda Morisi 4 kwa 1, moja lilikuwa lake. Katika nusu fainali tulikutana na Misri, wenyeji, mjini Cairo, nao wakatangulia kwa mabao 2. Ndaye akafunga, nahodha Kidumu akasawazisha, Ndaye akafunga tena: 3 kwa 2. Fainali na Zambia ilikwisha 2 kwa 2, yote mawili ya Ndaye, na Zambia walisawazisha katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Baada ya siku mbili ikarudiwa. Tukashinda 2 kwa 0, na mfungaji wa yote alikuwa yeye yule. Jumla mabao 9. Mpaka leo hakuna mtu aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Mataifa.

Je, mwisho wa mwaka nani alitajwa kuwa bora wa Afrika? Paul Moukila wa Kongo-Brazzaville. Wa pili alikuwa Lobilo Boba, mlinzi wetu. Wa tatu Hassan Shehata wa Misri. Ndaye hakuwamo katika hao watatu.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Moukila naye alikuwa na haki zake. Timu yake, CARA ya Brazzaville, ilitwaa mwaka huo kombe la vilabu bingwa vya Afrika kwa kuwashinda Mehalla wa Misri nyumbani na ugenini. Tena kule Misri Kongo-Brazzaville waliifunga Zaire 2 kwa 1, na siku hiyo Ndaye hakufunga. Hali kadhalika tukumbuke mwezi wa Juni. Zaire ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Tulifungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazili, wala sisi hatukufunga hata moja. Katika mchezo na Yugoslavia Ndaye alitolewa uwanjani dakika ya 22. Lakini aliyempiga mwamuzi teke alikuwa mwenzake, Ilunga Mwepu. Mwamuzi alikosea mtu!

Maoni yetu ni haya. Ukipima mwaka mzima pamoja na timu, kumchagua Moukila si dhuluma. Lakini kumwacha nje ya watatu mtu aliyefunga mabao 9 na kuleta kombe nyumbani, hilo hatuwezi kulikubali. Mizani yoyote ile ingemwona.

Tena yaliyofuata yasikitisha kuliko kura. Waliporudi na kombe, wachezaji walishangiliwa wakapewa nyumba na magari. Kisha wakasahauliwa. Katika miaka ya 1990 Ndaye alivamiwa na watu wenye silaha, akapigwa risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumkumbuka, maana ilisemekana amekufa. Kumbe yu hai, mkimbizi mjini Cape Town, akilinda magari ya watu kwa sarafu chache. Alifariki Januari 2019.

Hapa ndipo kesi ya farasi na kesi ya mtu zinapoachana. Zenyatta alipokosa taji la 2009 hakujua kitu. Alikula majani yake kama jana, na baada ya mbio alipelekwa malishoni Kentucky, akatunzwa vizuri. Farasi haulizi kama amesifiwa. Mtu huuliza, hata kama hafungui kinywa.

Methali husema chema chajiuza. Habari ya Ndaye yatuonyesha kwamba si kila mara. Chema chahitaji mtu wa kukiona na kukitaja. Hapa petu Masisi na Walikale, ambako vita vimewahamisha watu mara nyingi tangu mwaka 1993, tunao waalimu waliofundisha chini ya miti, wauguzi waliobaki na wagonjwa wakati wengine wamekimbia, na akina mama waliowapokea watoto wa watu katika vibanda vyao. Hakuna gazeti la Ufaransa litakalowapigia kura. Waamuzi wao ni sisi tunaoishi nao.

Basi, tubishane, maana mabishano yenye kipimo hufundisha. Ila tukimaliza kubishana, twende kwa yule anayestahili, tumwambie asante angali anasikia.