UZI: Ahadi ya matibabu kwa wote ina umri gani Kenya?

1/ Kila msimu wa siasa ahadi hii hurudi: afya kwa wote. Mmoja anasema bima ndiyo suluhisho, mwingine anasema serikali ilipe kila kitu, wa tatu anasema ati hakuna cha bure duniani. Sitataja chama wala mwanasiasa. Nataka turudi nyuma tu, maana ugomvi huu una umri wa karibu miaka 60. Twende pole pole.

2/ Enzi ya mkoloni hospitali zilikuwa na rangi. Ile tunayoiita Kenyatta leo ilianza 1901 kama hospitali ya "wenyeji". Wazungu wa Nairobi walifunguliwa yao mpya mwaka 1954. Ugonjwa ule ule, mlango tofauti. Kwa hivyo uhuru ulipokuja, swali la nani atibiwe wapi halikuwa dogo.

3/ Mwaka 1965 serikali ikafuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa mgonjwa wa nje. Matibabu ya nje na ya watoto yakawa bure katika vituo vya serikali, pesa zikitoka kwenye kodi.

4/ Mwaka uliofuata, 1966, ikaundwa NHIF. Aliyelazimika kuchangia ni mwajiriwa wa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi, naye alikatwa shilingi 20. Hebu fikiria ni Wakenya wangapi walikuwa na mshahara huo wakati huo. Mkulima, mchuuzi na mvuvi hawakuwemo. Walianza kuruhusiwa kujiunga kwa hiari mwaka 1972.

5/ Mnaona? Ndani ya mwaka mmoja tulifungua milango miwili: wa kodi, ambao ni wa kila mtu, na wa bima, ambao ni wa mwenye payslip. Hadi leo tunabishana tuingilie upi.

6/ Miaka ya 80 pesa zikawa ngumu. Madeni yaliongezeka na wakopeshaji wa nje wakasukuma masharti. Desemba 1989 ikaja "cost sharing", yaani mgonjwa achangie gharama. Wakubwa walisema ni kidogo tu.

7/ Hapa nina langu la kusema. Nilikuwa darasa la tano, kwetu Kilifi. Mdogo wangu alishikwa na homa kali. Mama akambeba hadi hospitalini, akaambiwa apitie dirisha la malipo kwanza. Hakuwa nazo. Tukarudi nyumbani na mwarobaini. Siku ya nne mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima, ndipo mjomba akauza mbuzi.

8/ Alipona, alhamdulillahi. Lakini sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Sijui kama siku tatu zile ndizo zilizomnyima sikio, na daktari hakutuambia. Mama mpaka anaingia kaburini alikuwa akijilaumu yeye. Hakuwahi kulaumu lile dirisha.

9/ Na si sisi pekee. Katika kliniki moja kubwa ya magonjwa ya zinaa Nairobi watafiti walihesabu wagonjwa. Ada ilipokuja, wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Ugonjwa haukupungua. Watu walibaki nao nyumbani, wakiambukizana.

10/ Mwaka 1990 ada ya kujiandikisha ikasimamishwa, kisha kuanzia 1991 ikarudi kidogo kidogo kwa jina jingine: ada ya matibabu. Kulikuwa na msamaha kwa maskini, ndiyo. Lakini ilibidi ujitetee mbele ya karani kwamba wewe ni maskini, na foleni yote inasikiliza. Wangapi wanaweza?

11/ Mwaka 2004 mambo mawili yakatokea. Ada ikashushwa: shilingi 10 dispensari, 20 kituo cha afya. Pia Bunge likapitisha mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya, lakini haukutiwa sahihi. Ukafia hapo.

12/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, ikabadilisha lugha yenyewe. Afya ikawa haki, na hakuna mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura. Juni 2013 ada za dispensari na vituo vya afya zikafutwa, na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Hata hivyo 2015 Mahakama Kuu ilikuwa bado inaamua kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitalini kwa kukosa kulipa bili. Ikasema ni kinyume cha Katiba.

13/ Desemba 2018 yakaja majaribio ya kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Watu walijiandikisha na wakatibiwa bure. Foleni zikarefuka, dawa zikaanza kuisha. Wengine wanasema hiyo ni dalili kwamba bure haiwezekani. Mimi naona ni dalili ya jinsi watu wengi walivyokuwa wanaugulia nyumbani.

14/ Sasa tuko na SHA, tangu Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, bila kikomo. Kwa NHIF mkubwa kabisa alikuwa akikatwa 1,700, kwa hivyo hapa tajiri anachangia zaidi, na hilo ni la haki. Huduma za ngazi ya chini zimepangwa kulipwa na mfuko wa serikali, yaani ule mlango wa 1965.

15/ Lakini asiye na mshahara anaulizwa maswali ya nyumba yake, choo chake na mifugo yake, kisha anapangiwa kiwango. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na sheria inamtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Mwajiriwa halipi hivyo. Anakatwa mwezi kwa mwezi, hata hahisi.

16/ Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani akiahidi afya kwa wote, muulize matatu. Asiye na payslip analipa vipi? Dawa zitakuwepo siku hiyo ya bure? Na bajeti je? Mwaka 2001 kule Abuja nchi za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti ziende kwa afya. Kaunti yako inatenga ngapi?

17/ Mdogo wangu siku hizi ni fundi baiskeli. Kuna wiki anapata, kuna wiki anarudi mikono mitupu. Mwezi jana alinipigia simu, nikaongea kwa sauti kama kawaida ili anisikie. Alitaka nimwongezee 2,000 afikishe ya mwaka. Nikamtumia. Miaka thelathini na kitu imepita, na sisi bado tunauza mbuzi.