Hospitali inapokataa kupasua mtoto: desturi ya kulipa kwanza ilitoka wapi, na mzazi afanye nini

KALEMIE, Tanganyika – Katika kartye za Kalemie na katika kambi za wakimbizi wa ndani, neno "wamekataa" linasikika mara nyingi. Mtoto amevimba tumbo, amefikishwa hospitali, munganga amesema anapaswa kupasuliwa, na saa chache baadaye familia inasema: wamekataa. Lakini ukiuliza vizuri waliambiwa nini, mara nyingi hakuna aliyesema hapana. Waliambiwa walete kwanza kosio, yaani feza za kuanzia. Wakapewa orodha ya vitu vya kununua: glavu, nyuzi, dawa ya usingizi, serumu, antibiotiki. Kwa familia iliyotoka Nyunzu kwa miguu, au iliyoshuka kwa mtumbwi kutoka Uvira na mizigo miwili, orodha hiyo na neno hapana ni kitu kimoja.

Desturi hii ya kulipa kwanza ilipata nguvu katika miaka arobaini iliyopita, na sababu zake zinajulikana. Mzazi anayeijua historia yake anajua pia aende kwa nani na aombe nini.

Wakati kampuni na serikali zililipa

Reli ilifika Kalemie mwaka 1915, wakati mji ungali ukiitwa Albertville. Kampuni za wakati ule zilitibu wafanyakazi wao na familia zao, kwa sababu mfanyakazi mgonjwa habebi mzigo wala haendeshi gari la moshi. Kwa vijiji, wakoloni wa Ubelgiji waliunda mwaka 1930 mfuko wa FOREAMI, uliotuma wauguzi kutafuta malale na magonjwa mengine. Kisha mpango wa miaka kumi ulioanza 1949 ukajenga hospitali katika teritware nyingi. Misheni nazo zilikuwa na zahanati zao.

Matibabu hayo hayakuwa ya usawa. Wazungu na weusi walilazwa mahali tofauti, na kwa miaka mingi cheo cha juu ambacho Mkongomani aliweza kukifikia katika kazi hiyo kilikuwa msaidizi wa munganga. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, waganga wengi wa Kibelgiji waliondoka katika wiki chache. Shirika la afya duniani, OMS, likawapeleka wasaidizi wa Kikongomani Ufaransa wamalize masomo, warudi wakiwa waganga kamili. Mkaaji wa kawaida bado aliamini kwamba gharama ya hospitali iko juu ya serikali au kampuni. Mgonjwa alitoa kidogo, au hakutoa kitu.

Zoni za afya zilizaliwa bila feza

Mwezi wa tisa 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ya msingi ifike kwa kila mtu kufikia mwaka 2000. Zaire haikungoja kufundishwa. Kasongo, katika Maniema, jirani yetu wa kaskazini, tayari ilikuwa na mradi uliounganisha zahanati za vijiji na hospitali moja ya kuzisaidia. Kutokana na mifano kama hiyo, katikati ya miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306. Kila zoni ilipangiwa hospitali ya rufaa, na hospitali hiyo ilipaswa kupasua. Leo jimbo la Tanganyika peke yake lina zoni 11, kutoka Moba mpaka Kongolo.

Muundo ulikuwa mzuri, lakini feza hazikufuata. Serikali ya Zaire ilikuwa imebanwa na madeni, mishahara ya wauguzi ikapoteza thamani, na zoni zikaambiwa zijitegemee. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako pamoja na UNICEF na OMS, wakapitisha njia ambayo zahanati inauza dawa kwa faida ndogo ili inunue nyingine. Bamako ilisema pia kwamba maskini kabisa wasamehewe. Sehemu ya kulipa ilitekelezwa haraka. Sehemu ya kusamehe ilibaki kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyesema ni nani atakayemlipia huyo aliyesamehewa.

Kisha ikaja mwezi wa tisa 1991. Askari wasiolipwa walipora Kinshasa na miji mingine, wageni wakaondoka, na misaada mingi ya nje ikakatwa. Kuanzia hapo hospitali nyingi za serikali ziliishi kwa feza za mgonjwa. Hadi leo wauguzi wengi hawamo katika orodha ya mishahara, au wanapata kidogo, na prime yao ya mwezi inatoka katika faktire za wagonjwa. Kwa hiyo muuguzi anayedai kosio mlangoni anadai pia chakula cha nyumba yake. Hilo halihalalishi kumwacha mtoto afe, lakini linaonyesha kwa nini kugombana naye peke yake hakufungui chumba cha upasuaji.

Wakimbizi wa ndani wameona upande mwingine wa jambo hili. Tangu 2016, mapigano kati ya vikundi vya Batwa na Baluba yalifukuza maelfu ya familia hadi kando ya Kalemie. Mwezi wa kumi 2017, Umoja wa Mataifa uliweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini, katika ngazi ya juu kabisa ya dharura. Mashirika yakija, matibabu ya bure yanafunguliwa. Mradi ukiisha, bei zinarudi, na mara nyingi familia inajua habari hiyo ikiwa tayari imefika mlangoni na mtoto mgongoni.

Ng'ambo ya ziwa: Burundi

Jirani zetu wa Burundi walipita njia hiyohiyo. Mwaka 2002 serikali yao iliamua kwamba mgonjwa abebe gharama za matibabu. Matokeo yalikuwa wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa wiki au miezi baada ya kupona, kina mama na watoto pia, kwa sababu hawakuwa na cha kulipa. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti juu yao mwaka 2006.

Tarehe 1 Mei mwaka huohuo, rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure katika hospitali za serikali. Kwa muda mfupi kina mama na watoto walijaa wodini. Lakini feza za kurudishia hospitali zilichelewa, dawa zikapungua, wauguzi wakachoka. Mwaka 2010 Burundi ikaunganisha matibabu hayo ya bure na mfumo wa kulipa hospitali kulingana na kazi iliyofanyika. Burundi ilijifunza kwamba bure inayotangazwa bila feza kufika hospitalini inaleta kukataliwa kwa namna nyingine: mtoto anapokelewa, lakini dawa ya usingizi haipo.

Kongo nayo ilianzisha Kinshasa, mwezi wa tisa 2023, mpango wa kujifungua bure ndani ya bima ya afya kwa wote. Mpango huo unahusu mama anayezaa na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka minane mwenye utumbo uliotoboka hayumo ndani yake.

Sheria inasema nini

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 42 kinazipa mamlaka za serikali wajibu wa kulinda vijana dhidi ya kila kinachodhuru afya yao. Kongo ilikubali mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto tangu 1990, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inarudia haki ya mtoto kupata afya bora kadiri inavyowezekana.

Kuna pia kifungu cha 66 ter cha sheria ya makosa ya jinai, kilichoingizwa mwaka 1978. Kinaadhibu mtu anayekataa kwa makusudi kumsaidia aliye katika hatari, hali angeweza kumsaidia bila kujihatarisha yeye wala wengine. Hiki kinamgusa kila mtu, munganga naye yumo.

Kuhusu kumzuia mgonjwa kwa deni, Zaire ilijiunga mwaka 1976 na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la makubaliano. Kenya imekwenda mbali zaidi: katiba yake ya 2010 inasema wazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wodini kwa ajili ya bili ni kuvunja haki zao.

Mzazi afanye nini

Swali la kwanza kwa munganga ni hili: je, upasuaji huu ni wa leo, au unaweza kungoja? Ngiri iliyokwama na kuuma, isiyorudi ndani, ni ya leo. Vilevile tumbo gumu lililovimba pamoja na kutapika kijani, apandisiti, utumbo uliotobolewa na tifoidi, mfupa uliotoka nje ya ngozi, na damu isiyokoma. Mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa au ngiri ya kitovu isiyouma vinaweza kungoja. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa si wa usiku mmoja, lakini matibabu yake yaanzishwe mapema. Neno "urgence" likishatoka mdomoni mwa munganga, mzazi aombe liandikwe kwenye fishi ya mtoto.

La pili ni kujua kama hospitali haitaki au haiwezi. Kama hakuna mpasuaji, damu au oksijeni, feza haziwezi kusaidia, na kungoja hapo kunaua. Familia iombe mara moja karatasi ya transferi inayotaja ugonjwa na mahali pa kwenda, na iulize kama hospitali hiyo nyingine imeshaarifiwa.

Kama tatizo ni feza, njia iko ya ngazi kwa ngazi. Kwanza munganga mkurugenzi wa hospitali, maana yeye ndiye anayeweza kuruhusu mtoto apasuliwe na deni liandikwe lilipwe polepole. Baada yake, munganga mkuu wa zoni ya afya, kisha divisheni ya afya ya jimbo. Wakati mmoja anapanda ngazi hizo, mwingine aende kwa shefu wa kartye na ofisi ya Affaires sociales kuomba karatasi inayoitwa attestation d'indigence, inayothibitisha kwamba familia haina uwezo. Karatasi hiyo hailipi yenyewe, lakini bila hiyo mashirika na hospitali hawana pa kuanzia. Kwa wakimbizi, rais wa kambi na relais communautaire ndio wanaojua ni shirika gani linalipia rufaa wiki hii. Ni vema waulizwe kabla mtoto hajaugua.

Mtoto asitoroshwe hospitalini usiku kwa kuogopa faktire. Kidonda cha upasuaji kikioza nyumbani, gharama inakuwa kubwa kuliko deni. Faktire iombwe kwa maandishi, kila kitu na bei yake, na ilinganishwe na bei zilizobandikwa ukutani.

Kuna pia kazi ambayo jamii inaweza kuifanya mapema. Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa Kongo, ilianzisha mwaka 1986 mfuko wa hospitali. Familia zilitoa mchango mdogo mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza kahawa na soya, feza zikiwa mkononi. Aliyelazwa alilipa sehemu ndogo tu ya faktire, karibu moja ya tano, na mfuko ukalipa iliyobaki. Mfuko huo ulidumu katika miaka ileile ambayo serikali ilianguka. Tangu 8 Februari 2017 Kongo ina sheria ya mutuele, inayoruhusu vikundi kama hivyo kuandikishwa.

Kalemie kuna wavuvi, wauza samaki, watu wa bandarini na likelemba karibu katika kila kartye. Likelemba inayojua kukusanya feza za kilio inaweza kukusanya pia kosio ya mtoto mmoja kabla ya kilio.