Kulandanisha Faili kati ya Vituo Viwili vya Data

Kulandanisha faili kati ya vituo viwili vya data, vyote vikiwa kazini kwa wakati mmoja, ni kuhakikisha kwamba badiliko lililofanywa upande mmoja linafika upande wa pili. Kunakili kwenyewe si kazi ngumu. Ugumu huanza faili moja inapobadilishwa pande zote mbili kabla hazijapashana habari.

Njia nyepesi ya kwanza ni kutazama saa: nakala iliyoandikwa mwisho ndiyo ishinde. Lakini saa za kompyuta mbili hazilingani kikamilifu, na hata zikilingana, kazi ya aliyetangulia hufutika pasipo yeye kujua. Mwaka 1978 Leslie Lamport alionyesha jinsi ya kupanga mfuatano wa matukio katika kompyuta zilizotengana bila kuitegemea saa ya kawaida. Mwaka 1983 kundi la Gerald Popek, wajenzi wa mfumo wa Locus katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilichapisha njia ambayo msingi wake unatumika hadi leo: kila nakala ibebe hesabu ya mabadiliko yaliyofanywa katika kila kituo. Nakala ya kituo cha kwanza ikiwa na 3 na 1, na ya kituo cha pili 2 na 1, ile ya kwanza ni mpya na inaweza kuchukua nafasi ya mwenzake. Zikiwa 3 na 1 dhidi ya 2 na 2, kila moja ina kitu ambacho nyingine haina. Huo ni mgongano, na mfumo mwaminifu huutangaza badala ya kuuficha.

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Canberra, walitoa programu ya rsync. Hiyo huigawa faili vipande, hulinganisha alama za vipande hivyo, kisha husafirisha tofauti tu. Ilipunguza sana mzigo wa mtandao, ila ilikusudiwa safari ya upande mmoja. Ikiendeshwa kwenda na kurudi, faili iliyofutwa kwenye kituo kimoja huonekana kama mpya kwenye kingine, nayo hufufuka. Programu ya Unison, iliyoongozwa na Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliziba pengo hilo kwa kutunza kumbukumbu ya hali ambayo pande zote mbili zilikubaliana mara ya mwisho. Kwa kumbukumbu hiyo, kufutwa hutofautishwa na kutokuwepo kamwe.

Umbali nao una gharama. Mwanga katika nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo vituo vilivyotengana kwa kilomita 1,000 husubiriana milisekunde 10 kwa kila uandishi unaohitaji idhini ya pande zote. Wasiotaka kusubiri hukubali kwamba kituo kimoja kitabaki nyuma kidogo.

Hatari ya kubaki nyuma ilionekana katika kampuni ya GitHub tarehe 21 Oktoba 2018, ingawa huko zilikuwa hifadhidata, si faili. Mawasiliano ya mtandao kwenye pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Programu ya usimamizi ikahamishia uandishi pwani ya magharibi, huku mashariki kukiwa na maandishi ambayo hayajavuka. Kampuni ilichagua kulinda data kuliko kuharakisha huduma, na huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11. Maandishi yaliyokwama yalihifadhiwa ili yachambuliwe baadaye, mengine yakihitaji kupatanishwa kwa kushirikiana na watumiaji wenyewe.