Kina mama waliofungua milango ya jela

Februari 28, 1992, kikundi cha kina mama, wengi wao wazee kutoka vijijini, kilifika katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Amos Wako, jijini Nairobi. Walidai wafungwa 52 wa kisiasa, wakiwemo wana wao, waachiwe huru. Walipotoka hapo hawakushika njia ya kwenda nyumbani. Pamoja na Profesa Wangari Maathai, waliingia katika bustani ya Uhuru Park wakaanza mgomo wa kula.

Kwa wengi, Kenya ilikuwa imekwisha kubadilika. Desemba 1991, Bunge lilikifuta Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Hata hivyo, waliosakamwa kwa kuupinga utawala wa chama kimoja walikuwa bado korokoroni. Mmoja wao alikuwa Koigi wa Wamwere, aliyeshtakiwa kwa uhaini. Mama yake, Monica Wangu, alikuwa miongoni mwa waliogoma.

Watu walimiminika bustanini. Waliowahi kuteswa na vyombo vya dola wakasimama na kusimulia hadharani mambo ambayo hapo awali yalinong'onwa tu.

Machi 3, polisi wakavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai, akalazwa hospitalini. Baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari. Katika mila za jamii nyingi za Kenya, hiyo ni laana nzito: mama humvulia nguo mtu wa umri wa mwanawe pale tu anapokuwa amemkana.

Serikali iliwarudisha makwao kwa nguvu. Wakarejea Nairobi, na kwa kuwa bustani ilikuwa imezingirwa, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints lililo karibu. Walikaa humo takriban mwaka mzima, wakidai jambo lile lile. Kufikia mapema 1993, wafungwa wote isipokuwa mmoja walikuwa wameachiwa.

Tunapoisimulia historia ya vyama vingi, tunawataja upesi wanasiasa na wanasheria, na wanastahili. Lakini Katiba iliyorekebishwa bungeni haikuwafungulia wafungwa. Waliowafungulia ni kina mama wasio na cheo wala chama, waliokataa kuondoka kabla ya kupewa wana wao.