Mlinzi Asiyekubali Kuamka Nusu

Mwaka 1983 Mike Muuss aliandika ping, programu ya kupima kama kompyuta inajibu mtandaoni, na kwa miaka mingi mafundi wa mitandao waliitegemea. Ethan Galstad wa Marekani akaja na NetSaint mwaka 1999, programu ya kulinda mitandao kwa kufuatilia hali yake, ambayo tangu 2002 inaitwa Nagios. Mimi naipenda Nagios kwa ukali wake: ukisahau mabano ya kufunga kwenye faili la mipangilio, haiwaki. Wenzangu huiona kero, hasa usiku, simu zikiita chumba cha seva. Nasema ni uadilifu, maana mlinzi aliyeamka nusu ni hatari kuliko aliyelala. Tena ina amri ya nagios -v, inayokagua mipangilio na kutaja faili na mstari wenye kasoro. Fundi mwenzangu, iendeshe amri hiyo kabla hujafuta chochote kwenye mipangilio.